Chuo Kipi cha Famasi kwa Mwanafunzi wa Mwanza?

Ada ya chuo ni miongoni mwa malipo makubwa kabisa ambayo familia hulipa, kwa hiyo kabla ya kuulizia jina la chuo, mzazi aulize kwanza cheti kitampa mtoto ruhusa ya kufanya kazi gani. Stashahada ya miaka 3 humtoa fundi dawa sanifu. Shahada ya Famasi ya miaka 4, ikifuatwa na utarajali (mafunzo kazini) wa mwaka 1 na usajili wa Baraza la Famasi, ndiyo inayomtoa mfamasia, mwenye sifa ya kuwa msimamizi wa famasi.

Kwa anayeishi Mwanza, nafasi ya kwanza naipa CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kanisa Katoliki kilichopo Bugando. Kinatoa shahada hiyo, na kimejengwa kwenye kilima kimoja na hospitali ya rufaa ya kanda, inayopokea wagonjwa kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu famasi hujifunzwa pia kando ya kitanda: mwanafunzi anashika cheti cha mgonjwa mwenye kisukari na shinikizo la damu, anasoma dawa zote alizoandikiwa, analinganisha kipimo na hali ya figo, kisha anatafuta kama kuna dawa mbili zinazogongana. Ada yake ni ya chuo binafsi, lakini mtoto anayetoka nyumbani Igoma au Buhongwa kwa daladala anaiokolea familia kodi ya chumba na sehemu kubwa ya chakula.

MUHAS, yaani chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, ningeiweka ya kwanza kwa mwenye alama za juu sana za PCB (fizikia, kemia na biolojia) na uwezo wa kujikimu mbali na nyumbani. Ni chuo cha umma, ada yake ni nafuu, kimefundisha wafamasia tangu 1974, na kina shahada za uzamili kwa atakayetaka kuendelea. Ushindani wa kuingia ni mkali, na gharama za kuishi Dar zinaweza kuumeza unafuu wote wa ada.

Baada ya hapo nawaweka St. John's ya Dodoma na KIUT (Kampala International University in Tanzania) ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ambavyo vyote ni vyuo binafsi vyenye Shahada ya Famasi.

Makerere, ng'ambo ya ziwa, ina heshima yake, ila Mtanzania anayesoma huko lazima shahada yake itambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla ya kuomba usajili hapa nchini.

Aliyepungukiwa alama asikate tamaa, kwani stashahada yenye ufaulu mzuri humfungulia mlango wa shahada baadaye. Hata hivyo, kabla ya kulipa senti yoyote, chuo cha stashahada kitafutwe kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na cha shahada kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka huo huo wa udahili.