Konokono wa kulishia bunju, Ngamiani Tanga
Wenye bunju (yule samaki anayejivimbisha) kwenye tanki nyumbani, huyu dogo wa Ngamiani anajua kazi aisee, konokono zake anazizalisha mwenyewe kwenye ndoo sio za kuokota mtaroni na kwangu hilo ndo kubwa, za mtaroni zinaweza kuja na minyoo, zingine hata kichocho. Saizi ndogo, gamba jembamba. Bunju wangu anasogea taratibu, anazungusha macho, mara kah! gamba limepasuka. Na hilo gamba ndo linamsaga meno, maana meno ya bunju hayaachi kukua, asipotafuna kigumu yanarefuka mpaka anashindwa kula. Bei poa ila mifuko yake myepesi mno, wangu ulivujia kwenye bodaboda suruali ikalowa chapachapa. Konokono wale warefu wenye gamba gumu mno msichukue, wanaweza kumvunja meno.