Maiki ya valvu ya kujiundia: ipi ununue ukiwa Lamu

Ukirekodi kasida au udi ndani ya nyumba ya mawe pale Mkomani, utaanza na maiki yoyote uliyoipata. Halafu siku moja unasikia sauti iliyopitia valvu, ile taa ndogo ya kioo ya redio za zamani inayokuza sauti, na hapo pesa zinaanza kukutoka. Maiki mpya ya valvu kutoka Ujerumani haishikiki kwa bei, ndiyo maana wengi wetu huagiza vipande tukaunganisha wenyewe. Nimeunda tatu. Hivi ndivyo ninavyozipanga, ya kwanza ikiwa bora, kwa mtu wa kisiwani, ambaye adui yake mkubwa ni unyevu.

1. Seti kamili yenye valvu ya EF86 au 12AX7

Nimeiweka juu kwa sababu valvu hizi bado zinatengenezwa. Ikifa, unaagiza nyingine. EF86 ndiyo iliyokuwa ndani ya U 67, maiki maarufu ya Neumann wa Ujerumani ya mwaka 1960, kwa hiyo si ya kubahatisha. Chukua seti ambayo kisanduku chake cha umeme kimeshaundwa. Mle ndani mna volti zaidi ya mia, na kapasita hubaki na chaji hata ukishachomoa waya. Swichi ya nyuma iwe kwenye 230, si 115. Stima yetu ni volti 240.

Penye maswali ni kapsuli, yaani kile kipande cha mbele kinachopokea sauti. Muuzaji akikwambia "kubwa, imepakwa dhahabu", hajakwambia kitu. Muulize kama ni mtindo wa K47 au K67, kapsuli mbili za Neumann zinazoigwa sana. K67 hupandisha sauti za juu, na katika U 67 kuna saketi ya kuzishusha tena. Maiki nyingi za bei ya chini zina kapsuli hiyo bila saketi yake. Sasa msimamishe mwimbaji wa kasida mbele yake: kila "swalla" na kila "salaam" inakuchoma sikio kama sindano. Kwa sauti ya mtu mimi nachukua K47.

Maiki yangu ya kwanza iliimba vizuri wiki mbili. Masika yalipoingia, ikaanza kukaanga kama mahamri kwenye karai. Nilibadilisha valvu, nikabadilisha waya, wapi! Kosa lilikuwa jasho la vidole vyangu na mabaki ya dawa ya kulehemu karibu na rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya giga-omu 1. Kwa ukinzani mkubwa hivyo, uchafu kidogo ukinyonya unyevu unakuwa njia ya umeme. Nilisugua kwa spiriti safi na mswaki, nikaacha ikauke, kelele ikaisha. Kwa hiyo nunua na chupa ya spiriti, na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu usivitupe, vitie kwenye sanduku la maiki.

2. Seti ya transista (FET)

Haina valvu wala kisanduku cha umeme. Inatumia volti 48 zinazotoka kwenye mikisa (mixer) kupitia waya wa maiki. Kama hujawahi kulehemu, anzia hapa. Unyevu unaisumbua vilevile.

3. Kufungua maiki ya valvu ya bei nafuu na kubadilisha kapsuli

Inafaa ikiwa tayari unayo. Kuinunua makusudi uje uibomoe, mimi siwezi.

4. Nakala ya U 47, maiki nyingine ya zamani ya Neumann, kipande kwa kipande

Valvu yake ya asili, VF14, iliacha kutengenezwa zamani, na zilizobaki bei yake inatisha. Waachie wenye subira na mfuko.

Kwenye hesabu yako ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Mwambie muuzaji valvu aifunge peke yake, maana ni kioo. Mzigo ukifika Mokowe, vuka nao mwenyewe ukiwa umeupakata. Usikubali upangwe huko nyuma kando ya injini pamoja na magunia ya vitunguu.