Flashi ya soca ya Arrow, Mtwara mjini: inafaa, ila ikague kabla ya kulipa

Vibanda vya kuingiza nyimbo vimejaa Mtwara mjini, lakini chenye folda ya soca, muziki wa kucheza wa visiwa vya Karibi, ni hiki kimoja cha karibu na soko kuu, ambacho wengi wanakijua kwa singeli na taarabu. Ukifika usiseme "niwekee soka" ukanyamaza. Utawekewa nyimbo za mpira. Taja jina la mwimbaji: Arrow.

Jina lake halisi ni Alphonsus Cassell, wa Montserrat, kisiwa kidogo cha Karibi kilicho chini ya Uingereza. Soca ilianzia Trinidad miaka ya 1970, mwanamuziki Lord Shorty alipochanganya kalipso, muziki wa zamani wa kisiwa hicho, na midundo ya Wahindi wa kule. Arrow akaipokea, akaipa tarumbeta nzito na magitaa ya roki, na mwaka 1982 akairekodi Hot Hot Hot, mpangaji wa muziki akiwa Leston Paul wa Trinidad. Wapo waliomlaumu kwa kuacha maneno mazito ya kalipso. Sisi tunaona hapo ndipo alipopatia: maneno machache, na kiitikio ambacho hata asiyejua Kiingereza anakidaka papo hapo. Upigwe harusini Mtwara baada ya zawadi, besi inashuka kiunoni palepale sindimba inapokaa, na akina mama wa meza za nyuma wanafunga khanga na kuinuka kabla MC hajawaita.

Sasa flashi yenyewe. Kasoro kubwa ni kwamba faili lililoandikwa jina la Arrow lina sauti ya Buster Poindexter, Mmarekani aliyeurudia wimbo huo mwaka 1987. Sauti yake inakwaruza. Ya Arrow ni laini zaidi, yenye lafudhi ya visiwani. Omba usikilizishwe beti la kwanza. Wimbo wa asili upo kwenye kompyuta yao, na kijana wa pale anabadilisha bila ubishi.

Halafu ubora. Nyimbo nyingi zimebanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, karibu megabaiti 1 kwa dakika. Kwenye simu huenda usihisi kitu. Kwenye spika kubwa za ukumbini tarumbeta zinageuka makelele, fundi anapunguza sauti za juu, na wimbo wote unapoa. Dai za kilobiti 320: wimbo wa dakika 4 unachukua karibu megabaiti 10, kwa hiyo hata flashi ya gigabaiti 8 inatosha na kubaki. Flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, maana redio nyingi za magari na spika za kuchomeka hazisomi mfumo mwingine, NTFS. Kufomati kunafuta kila kitu, hamisha vyako kwanza.

Mpangilio wao haufai. Wamemchanganya Arrow na Machel Montano, mwimbaji wa soca wa Trinidad, kiholela, wakati soca ya kasi ya Trinidad hufika mapigo 160 kwa dakika. Ukianza na hizo, wazee wanachoka mapema na kurudi vitini. Anza na Long Time ya Arrow, ingiza Hot Hot Hot watu wakishasimama, za kasi waachie vijana usiku.

Mapenzi ya watu kwa Arrow hayakuishia kwenye wimbo mmoja. Volkano ya Soufrière Hills ilipoanza kulipuka mwaka 1995 na baadaye kuufukia mji mkuu, Plymouth, alisimama kuchangisha fedha kwa ajili ya watu wa kisiwa chake. Alifariki Septemba 2010.

Kwenye folda kinachokosekana ni Groove Master ya mwaka 1988, na pengo hilo linauma. Wataitafuta ukiomba, lakini nenda siku mbili kabla ya shughuli. Mtandao ukikatika wakati wa kupakua, faili huishia katikati huku jina likionekana zima, basi sogeza kila wimbo hadi sekunde za mwisho ukiwa bado umesimama kibandani.