Mwaka mmoja kwenye kliniki ya methadone: dozi, TB na CTC dirisha moja

Nimetimiza mwaka nikihudhuria kliniki ya methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwenye hospitali moja ya serikali hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji. Nina mengi ya kuisifia na kadhaa ya kulalamikia, na wahudumu wenyewe tunaonana kesho saa moja asubuhi. Naandika hasa kwa mwenye ndugu anayetumia unga, yaani heroini, na anayeumwa kitu kingine juu yake, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na ndipo kliniki hii ilipochuma nyota zake nne kati ya tano kwangu.

Nilifika nikiwa na mizigo mitatu: unga, virusi vya UKIMWI ambavyo nilikuwa navijua na dawa zake nilishaziacha, na kikohozi kisichokoma. Kabla ya hapo kila mzigo ulikuwa na mlango wake. CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi, wananiambia kikohozi hiki nenda TB kwanza. TB wanataka makohozi, majibu njoo kesho. Kwenye unga kila mtu ananiambia nenda soba hausi, zile nyumba za kukaa mpaka uache. Jamani, mwenye arosto, yaani mwili unaoudai unga, hawezi kukaa foleni tatu. Ikigonga saa nne asubuhi mafua yanatiririka, unapiga miayo, tumbo linakata, miguu haitulii, na kichwani kuna swali moja tu, hela ya kete inatoka wapi. Anayekuambia "njoo kesho" hajui kesho ya teja iko mbali kiasi gani. Kwa hiyo faili langu la CTC likaandikwa nimepotea, wakati nilikuwa naishi mtaa wa pili tu.

Soba hausi nilipita pia. Sizisemi vibaya, nina rafiki zangu wawili waliotokea huko na mpaka leo ni wazima, wana familia zao. Lakini kule arosto unaikata kavu kavu, na mwili wangu ulikuwa umeshachoka kwa homa na kukonda. Kuna miili inaweza, wangu haukuweza.

Aliyenifikisha kliniki ni dada mwelimisha rika wa asasi ya mtaani, ambaye naye aliwahi kutumia. Alikuja maskani bila mahubiri yoyote, akaniuliza nimekohoa tangu lini. Basi.

Kwa wasiojua, tiba ya methadone Tanzania ilianzia Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na baadaye ikavuka Dar na kufika mikoa kama Mbeya, Dodoma, Mwanza na Tanga. Dawa yenyewe ni ya maji, unainywa mara moja kwa siku. Inakaa kwenye zile zile sehemu za ubongo ambazo heroini inazikamata, ila inaingia taratibu na kutoka taratibu, kwa hiyo huruki wala hudondoki. Wanaanza na dozi ndogo, kama miligramu 15 hadi 30, wanapandisha pole pole mpaka unalala usiku na kuamka bila kutetemeka. Wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Ndugu wanaosema "mmebadilishiwa unga wa mtaani kwa unga wa serikali" nawaelewa, shangazi yangu alinisema hivyo hivyo mbele ya wageni. Nilimjibu aangalie mikono yangu na aangalie simu yake, bado iko mezani. Akacheka. Shirika la Afya Duniani limeiweka methadone kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, lakini kwa shangazi simu ilitosha.

Asubuhi inakwenda hivi. Unafika, unataja namba yako, faili linafunguliwa. Mfamasia anakuangalia usoni. Akiona macho yamelegea au unanuka pombe hakupi, unakaa benchi kwanza, na akiwa na wasiwasi anamwita daktari. Ukipewa unakunywa mbele yake, unasukumia na maji, halafu lazima useme neno ili ajue umemeza. Mimi husema "asante kaka". Kuna mzee mmoja yeye kila siku anataja timu yake ya mpira, na ikiwa imefungwa jana mfamasia anamwambia rudia, sijasikia.

Sasa utamu wa hii kliniki uko hapa. Dirisha lile lile linalokupa methadone lina kiboksi chako cha dawa nyingine. Nilipogundulika TB, vidonge vyangu vyote vya asubuhi niliwekewa pale. Nameza TB, nameza ARV, nakunywa methadone, naondoka. Hakuna anayenibembeleza wala kunifuata nyumbani kuuliza kama nimemeza. Arosto yenyewe inanileta kila siku hata mvua ikinyesha, na nikishafika dawa zote zinaingia. Dawa za TB za miezi sita, mimi ambaye nilishindwa kumaliza hata antibayotiki ya jino, nimezimaliza. Sioni ujanja mwingine wa hospitali unaoufikia huu kwa watu kama sisi.

Na kuna sababu kubwa kuliko ya foleni, ambayo sikuijua mpaka yaliponikuta. Hizi dawa zinagombana. Ndani ya dawa za TB mna rifampicin, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Hiyo inalichochea ini liichakate methadone haraka kuliko kawaida. Wiki ya pili tangu nianze TB, arosto ikanirudia wakati dozi yangu ni ile ile. Saa kumi jioni jasho, saa mbili usiku miguu inacheza. Kama TB ningekuwa natibiwa kwingine, najua ningefanya nini: ningeacha dawa za TB, au ningerudi maskani, au vyote viwili. Kwa kuwa daktari ni mmoja, alishaniandalia. Aliniambia siku ile ile ya kuanza, "Utajisikia vibaya baada ya siku kadhaa, usinyamaze, njoo tupandishe." Tukapandisha, mara kadhaa, mpaka nikatulia.

ARV nazo zina mambo yake. Zamani wengi walikuwa kwenye dawa yenye efavirenz, nayo inashusha methadone mwilini, ndiyo maana wenzetu wa mwanzo walikuwa wanakimbia CTC na kusema dawa za huko zinawaletea arosto. Walikuwa wanasema kweli, watu wakawaona wasumbufu. Kuanzia 2019 nchi ilihamia kwenye dolutegravir, ambayo haigombani na methadone. Ila dolutegravir na rifampicin haziivi, kwa hiyo wakati wa TB nilimeza mara mbili kwa siku: cha asubuhi dirishani, cha pili jioni nyumbani. TB ilipoisha, cha jioni niliendelea nacho wiki mbili zaidi, kwa sababu ile rifampicin haiachii ini siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo mtu anaweza kufa, nalisema wazi. Rifampicin ikishatoka, methadone iliyokuwa inaliwa na ini inabaki yote mwilini, na dozi uliyozoea inageuka kubwa mno. Mtu anasinzia, pumzi inapungua. Daktari alinishusha hatua kwa hatua, na wiki hizo nesi alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Jana ulisinzia? Ulisinzia saa ngapi?" mpaka nikamwona ananichosha. Fikiria TB wanakupongeza umemaliza, wanakupa mkono, na kliniki ya methadone upande mwingine wa mji haina habari.

Kina dada wenzangu, na hili mlisikie. Unga ulikuwa umenikatia siku zangu kabisa, nikadhani sizai tena. Ukitulia kwenye methadone siku zinarudi na mimba inaingia. Mimi nilikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, najiona niko salama. Nesi wa pale pale aliniambia rifampicin inapunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge vya majira, akanipa sindano na kondomu juu yake mpaka TB iishe. Nimeuliza wanawake wengine waliotibiwa TB sehemu za kawaida, hakuna aliyeambiwa. Na mwenye mimba asiogope kuja. Methadone ndiyo tiba wanayoitumia kwa mjamzito, kuikata ghafla ndiko kubaya. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake, wanaijua na wanaitibu.

Maudhi ya dawa yapo, msidanganywe. Kukosa choo ndiyo kubwa. Maji mengi, mapapai, kutembea. Jasho usiku. Mdomo kukauka na meno kuoza, ukichanganya na hamu ya vitu vitamu ambayo sijui inatoka wapi, mimi ambaye chai nilikuwa nakunywa bila sukari sasa naweka vijiko vitatu. Pombe na valiamu usiguse. Hizo pamoja na methadone ndizo zinazozima pumzi. Na ukikosa siku tatu mfululizo, usitegemee kupewa dozi yako ya zamani moja kwa moja, daktari anaanza kukuona upya kwa sababu mwili umeshasahau. Watu wanagombana sana dirishani kwa hili na mfamasia ndiye mwenye haki.

Nyota niliyowanyima sasa.

Kwanza saa. Dozi ni asubuhi, na asubuhi ndiyo biashara. Nilikuwa nauza supu na chapati. Supu gani inauzwa saa tano? Nimehamia samaki wa kukaanga jioni, nashukuru inakwenda, ila kuna vijana wa saidia fundi ambao kibarua kinaanza saa moja na wao saa moja wako kwenye benchi letu. Mtu anapona, anakosa kazi kwa sababu anakwenda kupona. Nauli nayo: mimi magari mawili kwenda, mawili kurudi, kila siku ya Mungu. Dawa ni bure lakini kuifikia si bure. Nchi nyingine mteja aliyetulia anapewa dozi za siku kadhaa aende nazo kwake. Najua hofu iliyopo, chupa inaweza kuuzwa, mtoto anaweza kuinywa akidhani juisi. Bado naona mtu aliyemaliza TB bila kukosa, virusi havionekani kwenye kipimo, anaweza kuaminiwa na dozi ya Jumapili.

Pili, umoja wa huduma unaishia kwenye kizingiti cha kliniki. Ndani naitwa dada kwa jina langu. Nikiandikiwa jengo lingine, jino au eksirei, mhudumu wa kule akiona kadi natoka upande gani, sauti inabadilika. Nimewahi kuitwa teja mbele ya foleni nzima, na nilikuwa nimevaa gauni langu la Idi. Mwenzangu alilazwa wodini na iliwachukua muda kuelewa kwamba methadone yake lazima imfuate kitandani. Kila siku alikuwa anaomba kama anaomba kete.

Tatu, homa ya ini. Tulipimwa B na C, jambo jema kwa watu waliochangia sindano. Waliokutwa na C wakaambiwa wasubiri. Dawa za vidonge za wiki 12 zinazoitibu zipo duniani na methadone haizizuii. Kupima halafu kumwacha mtu na karatasi mkononi kunaumiza.

Na benchi. Wanawake tuko wachache, wengine tunakuja na watoto, tunabanana na wanaume ambao miongoni mwao yupo aliyekupiga zamani maskani. Siku moja tu ya wiki yenye saa ya wanawake ingeleta wengi ambao sasa wanaona bora wabaki huko huko. Nimeliandika kwenye sanduku la maoni. Ofisa ustawi wa jamii anatuunga mkono, ila yuko peke yake na sisi tuko wengi, ukimpata kwa dakika kumi umebahatika.

Ukitaka kumleta mtu wako: pitieni kwa mwelimisha rika au asasi iliyo karibu, watawapa rufaa na kuwapunguzia maswali getini. Aje na ndugu mmoja atakayeandikwa kama msimamizi, mama, kaka, mke, yeyote anayepokea simu. Aje na kadi zote alizonazo, ya CTC hata kama aliitoroka miaka, ya TB hata kama hakumaliza. Hawakaripii, wanataka kujua umemeza nini na umeacha nini. Ataje kila dawa anayomeza, na ya mganga pia. Wiki mbili za mwanzo dozi bado ni ndogo na vishawishi ni vingi, kwa hiyo msimwache aende peke yake. Jumapili na sikukuu wako wazi, lakini wanafunga mapema, na siku hizo dirisha ni moja na foleni inafika mtini.