Uzoefu wangu na Behringer UCA202: kuhamisha kaseti za taarab kwenda kwenye kompyuta

UCA202 ni kiboksi kidogo cha kijivu kinachoenea kiganjani. Kina matundu mawili ya RCA (yale ya waya wa nyekundu na nyeupe) ya kuingiza sauti, mawili ya kutoa, tundu la hedifoni lenye kirekebisha sauti chake, na waya wa USB usiochomoka. Umeme kinavuta kwenye kompyuta. Ile UCA222 nyekundu ni kitu kilekile, kwa hiyo chukua utakayoipata kwanza.

Kazi yake ni kupokea sauti ya deki ya kaseti na kuigeuza kuwa dijitali ya biti 16, hadi kilohezi 48. Wapo watakaokwambia biti 16 hazitoshi, utafute 24. Kwa kaseti, waache na maneno yao. Kaseti ya kawaida isiyo na Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe) ina desibeli hamsini na kitu tu kati ya muziki na ule mvumo wake wa "shhh", wakati biti 16 zinabeba 96. Pesa ya ziada ipeleke kwenye deki, maana sauti inaharibikia huko.

Kwa nini usichomeke moja kwa moja kwenye laptopu? Tundu la maiki la laptopu kwa kawaida ni mono, tena limetengenezwa kwa sauti dhaifu ya maiki. Ukiliingizia deki unarekodi mikwaruzo, na stirio ndiyo basi. Zile redio kaseti ndogo za USB zinazouzwa mitandaoni nazo nimezijaribu: mota inayumba, na noti ndefu ya fidla inapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. Kwa mawaidha na hotuba zinafaa. Kwa taarab, hapana.

Kuunganisha ni rahisi: waya wa nyekundu na nyeupe kutoka LINE OUT ya deki hadi IN ya kiboksi. Kiboksi hakihitaji draiva ya ziada, na kurekodi ninatumia programu ya Audacity. Ila kwenye Windows kuna mtego. Kompyuta inaweza kukichukulia kiboksi kama maiki na kukipa chaneli moja. Fungua mipangilio ya sauti, sehemu ya kurekodi, kitafute kwa jina la "USB Audio CODEC", weka chaneli 2, biti 16, hezi 44100, kisha zima maboresho yote ya sauti. Usipofanya hivyo, Audacity itakuonyesha mistari miwili nawe utadhani ni stirio, kumbe pande zote mbili ni kitu kimoja. Kiboksi chenyewe hakina kirekebisha kiwango cha sauti inayoingia, na hilo ndilo pungufu lake kubwa. Deki nyingi hazikisumbui. Ukitumia tundu la hedifoni la redio kaseti, anza na sauti ya chini upandishe taratibu. Na redio iendeshe kwa betri, kwa sababu adapta ya ukutani mara nyingi huleta mngurumo.

Sasa deki. Safisha hedi (kichwa kinachosoma utepe), kidude cha chuma kinachovuta utepe na gurudumu la mpira linaloubana, kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya 70 ina maji mengi mno. Mpira uusugue mpaka pamba itoke nyeupe. Ukiwa na uchafu unateleza, na hapo ndipo deki inapoanza kula utepe. Mwendo ukiyumba baada ya kusafisha, angalia belti. Za zamani hulegea, nyingine huyeyuka zikawa kama lami. Badilisha belti, usitegemee Audacity kunyoosha mwendo: programu inaweza kurekebisha kaseti ambayo mwendo wake uko chini kwa kiwango kimoja mwanzo hadi mwisho, si inayopepesuka.

Kabla ya kuiweka kaseti, vunja vile vijimeno viwili vya mgongoni ili usije ukarekodi juu yake. Itazame dirishani: ukiona madoa meupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, usiiingize, utauhamishia kwenye kaseti nyingine. Sauti ikiwa hafifu na inayopotea-potea, huenda kile kipande laini nyuma ya utepe, kinachoukandamiza kwenye hedi, kimebanduka. Kaseti ya skrubu tano unaifungua na kuuhamishia utepe kwenye ganda jingine. Kaseti iliyo nzima ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe, ndipo uicheze. C120 (kaseti za dakika 120) zina utepe mwembamba sana, hizo usizipeleke mbele na nyuma ovyo.

Jambo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote ni pembe ya hedi. Kaseti zilizodurufiwa madukani zilirekodiwa kwenye mashine tofauti, kila moja na pembe yake. Pembeni ya hedi kuna skrubu yenye springi. Sikiliza kwa mono, izungushe kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko, mpaka nyuzi za kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab) na "s" za mwimbaji zing'ae. Mono inatumika kwa sababu pande mbili zisipolingana huuana, kwa hiyo kosa linasikika mara moja. Kaseti ikibadilika, rudia. Dolby iwashe tu kama kaseti ilirekodiwa nayo, la sivyo inakula sauti kali zote.

Unaporekodi, kilele cha sauti kiache karibu na desibeli -6. Saa moja ya WAV, faili la sauti lisilobanwa, inachukua kama MB 635. Faili hiyo ihifadhi bila kuigusa, na usafi ufanye kwenye nakala. Sampuli ya mvumo, ambayo Audacity huitumia kuupunguza, ichukue pale utepe unapozunguka kabla ya wimbo kuanza, si wakati deki imesimama. Punguza desibeli 6 hadi 9 basi. Ukizidisha, kanuni inasikika kama iko ndani ya maji. MP3 ya kutuma WhatsApp itoe mwisho kabisa.