Mfuko Usiopitisha Maji wa Lita 40 kwa Safari ya Kayaki Ziwa Tanganyika

Anayekusudia kutoka Kigoma kwa kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi) kuelekea kusini, alale ufukweni njiani, afike kisiwa cha Karilani na baadaye atembee kwa miguu upande wa milima ya Mahale akiwa amebeba mzigo wake mwenyewe, anatafuta begi linalostahimili maji na wakati huohuo linabebeka mgongoni. Mfuko wa lita 40 nilioununua Dar es Salaam kwa ajili ya maandalizi ya safari ya namna hiyo uliuzwa kwa ahadi kwamba unatimiza yote mawili. Kwa maoni yangu, unatimiza la kwanza kwa sifa, na la pili hauliwezi.

Nianze na kinachostahili kusifiwa. Mfuko umetengenezwa kwa turubai zito la plastiki, na maungio yake yamegandishwa kwa joto badala ya kushonwa kwa uzi, hivyo hakuna matundu ya sindano ya kupitisha maji. Mdomo wake hauna zipu: unabana kingo mbili pamoja, unazikunja kuelekea chini angalau mara tatu, kisha unafunga klipu za pembeni. Niliujaza magazeti makavu, nikauzamisha majini ufukweni Kibirizi, Kigoma, nikaukandamiza kwa goti na kuugeuza huku na huku. Magazeti yalitoka makavu. Nilipoufunga kwa kuukunja mara moja tu, maji yaliingia. Kwa hiyo asiyeacha nafasi ya kutosha mdomoni kwa sababu ya kushindilia vitu atakuwa amenunua mfuko wa kawaida kwa bei ya mfuko maalumu. Ukifungwa ukiwa na hewa kiasi ndani, unaelea, na rangi yake ya machungwa inaonekana kwa mbali.

Sifa hizo si za kupuuzwa katika ziwa hili. Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa, nao humjia usoni anayeelekea kusini. Ndiyo maana ni busara kuanza kupiga kafi alfajiri na kutafuta ufukwe mapema kabla upepo haujakolea. Kayaki ikipinduka, nguo kavu na blanketi ndivyo vitakavyomtoa mtu kwenye baridi akishafika nchi kavu, na vitafaa tu ikiwa mfuko ulifungwa vizuri na kufungiwa kwenye chombo.

Kasoro ya kwanza ni ukubwa. Lita 40 katika umbo moja la mviringo haziingii kwenye tundu la shehena la kayaki nyembamba, na ukiufunga juu ya sitaha unapokea upepo na kupandisha uzito juu, jambo linalofanya chombo kiyumbe. Vitu vizito vinapaswa kukaa chini, karibu na kiti, na vyepesi kama hema viende kwenye ncha. Mpangilio huo unawezekana kwa mifuko midogo ya lita 10 na 20, ambayo pia ina faida kwamba mmoja ukitoboka, mingine inabaki salama.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwa mtembeaji. Mikanda ya mabegani ni myembamba, hakuna mkanda wa kiunoni, na mgongo wa mfuko hauna pedi wala njia ya hewa. Niliupakia uzito wa safari na kupanda nao vilima vya mjini. Mzigo wote ulining'inia mabegani, na jasho lililowesha shati lote. Kwa mwendo mfupi kutoka majini hadi kambini unatosha, lakini kwa siku nzima ya kutembea milimani ni mateso. Ni afadhali kuchukua begi la kawaida lenye mkanda wa kiunoni na kuipanga mifuko midogo ndani yake.

Lipo pia jambo la chakula. Soko la Mwanga mjini Kigoma linampa msafiri karibu kila anachohitaji: dagaa wakavu, unga wa muhogo, mchele, karanga, mawese. Hata hivyo, mfuko unaozuia maji kuingia huzuia pia unyevu kutoka. Dagaa ambao hawajakauka sawasawa wataota ukungu humo kwa sababu ya joto, na harufu yao itabaki kwenye nguo hata baada ya kufua. Wapewe mfuko wao peke yao, na mawese yatiwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza. Dawa, simu, kiberiti na dawa ya kutibu maji viwekwe kwenye kifuko kidogo kinachofungwa kwenye jaketi okozi, kwa sababu hilo ndilo halitaachana nawe chombo kikienda.

Mfuko huu basi nitautumia kwa nguo na matandiko kwenye boti kubwa, wala sitanunua wa pili wa ukubwa huo. Anayeununua achukue pia gundi ya plastiki, msasa na kipande cha turubai la aina hiyohiyo: tundu husafishwa, hukaushwa kabisa, hukwaruzwa kwa msasa, ndipo kiraka hubandikwa na kuachwa usiku mzima chini ya jiwe zito.