Kitabu cha muongozo cha NACTVET: ada unaiona, gharama huzioni

Wenye watoto au wadogo waliomaliza form four, kabla hujatuma hata mia kwa chuo chochote cha kati cha binafsi, pakua kwanza kitabu cha muongozo wa udahili cha NACTVET, baraza la taifa la Tanzania linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Ni PDF, kipo kwenye tovuti yao na hakiuzwi. Nimekitumia kumtafutia mdogo wangu chuo cha utabibu nikaona nikiandikie, maana watu wengi wanakiruka wanakimbilia mabango ya Instagram.

Kilichomo ni hivi. Kila chuo kina jina, namba ya usajili (za afya zinaanza na REG/HAS), wilaya na mkoa, mmiliki ni serikali au binafsi, halafu chini yake kozi, sifa za kujiunga, miaka, idadi ya wanafunzi wanaoruhusiwa na ada ya mwaka. Basi. Hakina picha ya madarasa wala wanafunzi waliovaa makoti meupe wanacheka, ndo maana nakiamini.

Sasa shika kitabu mkono huu na bango la chuo mkono huu uone. Kuna kimoja sikitaji, bango limeandikwa ADA 350,000 TU, hosteli bure, mkopo upo, ajira uhakika. Kwenye kitabu chuo hichohicho ada ni milioni moja na laki nne. Nikamtumia afisa udahili meseji WhatsApp, "Samahani dada, mbona kitabu kinasema vingine?" Akajibu "Karibu sana mpendwa, hiyo ni kwa awamu, zipo awamu nne." Haya, kumbe bango halijadanganya, limesema robo tu ya ukweli. Nikaomba fomu ya kujiunga kabla ya kulipa, ikaja baada ya kusumbuana sana, na humo ndani ndo kuna kitabu kingine kabisa: mtihani wa wizara laki na nusu, bima, sare, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, hela ya tahadhari, mafunzo kwa vitendo, elfu 15 ya uthibiti ubora, na hosteli bure ile kumbe ni chumba tu, godoro uje nalo na chakula ujitegemee. Ukijumlisha unakaribia milioni mbili na mtoto hajala.

Hapa ndo nakikata nyota kitabu. Kinaonyesha ada ya masomo peke yake. Mzazi aliyeuza mahindi hapangi bajeti ya ada ya masomo, anapanga hela yote itakayomtoka mpaka mwaka uishe, sasa kama baraza linaweza kukilazimisha chuo kitaje ada linashindwaje kukilazimisha kitaje na hiyo michango mingine, tena kwenye bango lenyewe, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa ADA 350,000 TU?

Cha pili kinachokosekana ni matokeo. Hakuna mahali kitabu kinakwambia walioingia NTA level 4 (cheti cha kuanzia) wangapi walifika level 6 (diploma) wakamaliza, wangapi walidisko, yaani waliondolewa kwa kufeli njiani, wangapi wanaishi kwa sapu (mitihani ya kurudia) kila semesta. Chuo kinajua, majina yote kinayo. Marekani wizara yao ya elimu ina tovuti inaitwa College Scorecard tangu 2013, unaandika jina la chuo unaona asilimia wanaomaliza, mikopo wanayotoka nayo na kipato chao baada ya kumaliza. Na mwaka 2015 wizara hiyo iliipiga kampuni ya Corinthian Colleges faini ya dola milioni 30 kwa sababu chuo chake cha Heald kilikuwa kinatoa takwimu za uongo za waliopata kazi, wiki mbili hazijaisha kampuni ikafunga. Huku kwetu "ajira uhakika" inabandikwa kwenye daladala na hakuna anayeulizwa.

Hilo la "mkopo upo" nalo tuelewane, HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi ya serikali) walianza kukopesha diploma mwaka wa masomo 2023/24 lakini ni fani za kipaumbele tu, na anayeamua nani apate ni bodi, sio afisa udahili.

Vitu viwili ambavyo watu hawavitumii. Kwanza ile safu ya idadi, kama kozi imeruhusiwa watu 100 muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza darasani kwao wako wangapi (muulize mwanafunzi, ofisini watakupa soda). Pili, nenda kwenye ukurasa wa chuo katika tovuti ya baraza uangalie usajili (ruhusa ya kuendesha chuo) na ithibati (uthibitisho kwamba chuo kimekaguliwa na kufikia viwango vya ubora), hivyo ni vitu viwili tofauti, chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na ithibati bado, wakati kwenye simu wao wanajibu "tumesajiliwa na serikali" kwa sauti nzito hata kama swali lako lilikuwa ithibati. Hapohapo angalia kozi iliyoidhinishwa na level, usije ukaambiwa diploma kumbe wanafundisha cheti.

Na sifa zile zimeandikwa wazi, utabibu ni D nne na lazima Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo, masomo ya dini hayahesabiwi. Wakala akikwambia "njoo tu tutaona" jua hiyo ni hela yako inaonwa.

Kwa matumizi: faili ni zito na limeandikwa kiingereza kitupu, jambo linalonikera kwa sababu anayelipa ada mara nyingi ni mama ambaye Kiingereza hakimpandi. Kwenye simu tumia kitufe cha kutafuta neno uandike jina la wilaya, usianze kusoma ukurasa wa kwanza utachoka. Na hakikisha ni toleo la mwaka huu, ada zinabadilika na kozi nyingine zinaondolewa.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Bango la kile chuo silipi hata nusu, mdogo wangu tumemuombea kingine ambacho fomu ya kujiunga walitutumia siku ileile tuliyoomba, michango yote imeorodheshwa na tarehe za kila awamu.